Deni la Pembe

Mtu wa benki alifika Casanare na viatu visivyojua tope,
akakalia kiti chetu pekee chenye miguu minne,
akasema pembe ni hasara:
hutoboa ngozi, hupasua ubavu wa mwenzake ndani ya lori,
na soko la Yopal linataka ng'ombe mpole.
Mama akachovya kidole gumba kwenye wino.

Ndivyo walivyokuja wale weupe, thelathini na wawili,
nundu kama mito ya kitanda,
vichwa vimechomwa vikawa laini kama mayai.
Siwezi kuwasingizia. Walinenepa. Walitii.
Waliitika mluzi.

Chui wa kwetu ni mnene wa shingo,
madoa yake yamebeba madoa ndani.
Hakabi koo. Huuma fuvu,
kama mtu avunjaye karanga huku akiwaza jambo jingine.
Jumapili, ndama. Jumatano, ndama.
Na weupe? Kila mmoja na roho yake,
mkia juu, mtoto nyuma.

Jirani yetu Nazaria alibakiwa na ng'ombe wa kale,
wazawa wa wale walioshushwa melini wakasahauliwa,
wakajifunza mbuga bila mwalimu.
Wembamba, rangi ya kutu, hawana nundu.
Alituazima watatu: Mulata, Cascabela, na bibi yao Remedios.
"Msiwafunge," alisema. "Msiwabembeleze.
Wana hesabu zao."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja usiku ule wa mafuriko,
nimetumwa kumfuata ndama aliyechelewa.
Tochi ikafa. Maji magotini.
Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja,
na ukimya ule ulikuwa na harufu.

Mulata akatoa sauti nisiyoijua,
ya mlango wa chuma unaoburutwa juu ya mawe.
Wakaja. Sikuwaona wakija, niliwasikia majini,
kisha nilikuwa katikati,
mimi na ndama tisa,
na pande zote matako, mikia, mvuke wa migongo.
Pembe zilikuwa upande wa pili, kule kwenye giza.
Hata weupe waliokuwa karibu walijipachika kwenye mstari
kama wageni katika matanga ya mtu wasiyemjua,
wasijue wasimame wapi, lakini wakasimama.

Chui sikumwona.
Nilimsoma kwenye migongo yao:
msuli ukikaza huku, najua yuko huku,
ukikaza kule, amezunguka.
Ndama mmoja alikuwa akininyonya kidole
bila haraka yoyote duniani.
Kisha Remedios akatoka mstarini, hatua tatu,
kichwa chini,
maji yakapasuka, kitu kikagonga kitu,
akarudi kinyumenyume mahali pake
na pengo likafumba.

Kulipopambazuka nilijaribu kutoka.
Cascabela akanisukuma kwa pua, rudi.
Mama alikuwa ng'ambo, sketi imelowa hadi kiunoni,
taa mkononi haina kazi tena,
na Mulata amemwelekezea pembe yeye pia.
Mama yangu, mwenye hati ya shamba,
alisimama kwenye maji akimbembeleza ng'ombe wa kuazima
amrudishie mtoto.
Alipewa jua lilipopanda. Si kabla.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, husemwa.
Ya pembe hatukuwahi kuulizana.
Remedios anayo moja sasa; ile nyingine
tuliitafuta siku tatu kwenye matope, hatukuiona.
Benki bado inatudai, na Nazaria hajawahi kudai chochote,
jambo ambalo linamnyima mama usingizi zaidi.

Mwaka uliofuata akazaliwa ndama mweupe kwa Mulata.
Mama akampapasa kichwa polepole,
kama mtu atafutaye homa.
Kijivimbe kilikuwepo, kidogo, cha moto.
Chuma cha kuchomea hatukukitupa.
Ndicho kinachozuia mlango wa jikoni
upepo ukivuma.